Makande Niliyokutafunia

Same, jioni ya kuamkia safari yako

Namkunda mwanangu,

Leo sifai kwa kazi yoyote. Asubuhi nilimfungia bodaboda mmoja injini yake nikasahau boliti juu ya meza. Aliporudi anaisukuma pikipiki aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ila binti yangu anakwenda chuo kikuu kusomea maabara. Akanipa hongera. Nikamweleza maabara yenyewe ni ya namna gani, akanipa hongera tena. Nilipoanza kumweleza ulivyokuwa ukifaulu baiolojia tangu kidato cha kwanza, akaomba boliti zake. Nimefunga karakana mapema nisije nikamwangusha mtu barabarani.

Nimekaa uani upande wenye kivuli. Upepo wa Same unataka kunipokonya karatasi, kwa hiyo nimeikandamiza kwa spana, na ukiona alama za grisi usinune. Ndani nawasikia mama yako na dada yako wakibishana kuhusu begi lako, mmoja anaingiza blanketi, mwingine analitoa. Mambo ya kuamka mapema, kula vizuri, kuchagua marafiki na kutunza simu, mama yako ameyamaliza, na aliyoyasahau yeye shangazi zako wamekupigia kukukumbusha. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu ulipoanza kula kwenye sahani yako peke yako.

Ninaliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaingiza mzaha katikati. Ndivyo nilivyofanya siku ile, na nimejilaumu vya kutosha.

Unaikumbuka siku yenyewe. Tulikuwa tumelizunguka sinia, makande ya mama yako, na dada yako amekuja kutusalimia na mwanawe. Tangu upate nafasi ya chuo ulikuwa ukisoma habari za saratani iliyokupata utotoni, kwa kuwa ulitaka kuijua kwa jina lake na kwa tabia zake. Ukatuambia kwamba ndani ya chembe za ule uvimbe wa taya lako kulikuwa na virusi, na kwamba virusi hivyo hupita kwa mate. Tulikuwa tunakusikiliza kwa fahari. Halafu ukaweka kijiko chini ukauliza taratibu, "Nilipokuwa mdogo, nani alikuwa ananitafunia chakula?"

Mama yako akanitazama. Dada yako akanitazama. Mimi nikacheka, nikasema ni mimi, nilikutafunia mpaka taya zangu zikaota misuli. Hakuna aliyecheka. Ukamrudishia dada yako mtoto aliyekuwa mapajani mwako, na kuanzia siku ile unajipakulia pembeni. Kikombe chako unakiosha mwenyewe na kukificha chumbani. Mtoto akikunyooshea mikono unambeba uso ukiwa umeugeuzia ukutani. Mama yako anasema ni mawazo ya safari. Mimi nakujua. Unafikiri mdomo wangu ulikutia saratani, na mdomo wako utamtia mtu mwingine. Sitaki upande basi kesho na wazo hilo, maana ukiondoka nalo hutalirudisha likizo ya kwanza wala ya pili.

Nianze na makande, kwa kuwa hayo ni yangu na sitamwachia mtu. Tulikuwa bado Kwakoa, kwenye ile nyumba ya upande wa kuelekea Ziwa Jipe, nalima vitunguu na kufuga mbuzi wachache. Bibi yako wa Usangi alivunjika nyonga, mama yako akapanda mlimani kumuuguza. Nikaachwa na wewe, unga wa lishe, na maelekezo marefu kuliko hotuba ya harusi. Uji uliukataa. Ulikuwa unauweka mdomoni, unaniangalia, unaurudisha kifuani kwangu. Ulitaka ninachokula mimi, na mimi nilikuwa najua kupika makande tu, mahindi na maharage chungu kimoja. Mahindi mengine yalikuwa magumu hata kwangu. Basi nikawa natafuna, naweka kwenye ncha ya kidole, nakulisha. Ulikuwa unafungua mdomo kabla sijamaliza kutafuna. Mimi mwenyewe nililishwa hivyo Usangi, na mama yako alilishwa hivyo, na hakuna aliyewahi kunieleza kwamba kuna namna nyingine ya kumpa mtoto mahindi.

Mama yako aliporudi alimkuta mtoto amenenepa, mashavu yameng'aa. Akauliza nimekulisha nini. Nikakataa kumwambia, kwa majivuno. Wenzangu kijiweni walikuwa wakinitania kwamba sasa nitaota matiti. Wacha wanitanie, nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile mpaka wiki hii.

Miaka ikapita. Ulipokuwa unakaribia kuanza shule, jino lako la chini likaanza kucheza. Kwangu ilikuwa sherehe. Mtoto wa jirani mwenye umri wako hakuwa na hata moja linalocheza, nami nikawatangazia watu kwamba binti yangu amekomaa mapema. Likang'oka, tukalirusha juu ya paa, ukaomba jipya. Likaanza kucheza la pili, na la tatu, na hapo mwenye akili angejiuliza. Mimi nilizidi kutamba. Shavu lilipoanza kuvimba kila mtu alikuwa na jina lake tayari. Bibi yako alituma salamu kutoka Usangi kwamba ni jino limeoza. Jirani akasema ni matumbwitumbwi, dawa yake masizi ya chungu. Nilikupaka kwa mkono wangu, shavu zima, nikakuambia umekuwa mwanajeshi, ukazunguka kijiji kizima ukipiga saluti. Masizi yalipokataa nikakupeleka ukang'olewa jino jingine. Ulilia sana siku hiyo, na jioni yake shavu lilikuwa kubwa kuliko asubuhi.

Nisikilize hapa, kwa kuwa huko uendako utakutana na akina baba wengi wa namna yangu. Sikuwa mjinga, na sikuwa nakupuuza. Jino nilikuwa nalijua, kwa hiyo nilitaka liwe jino. Wiki zile ndizo nilizokuwa nazo za kufanya jambo la maana, kwa sababu uvimbe wa aina yako haulali. Jumapili tulikuwa tunauona shavuni, Jumapili iliyofuata ulikuwa unalisukuma jicho. Atakapokuja baba mwenye mtoto aliyepakwa masizi, usimgombeze. Mfute mtoto uso, umchukue kipimo.

Aliyeamua ni mama yako. Hakuniomba ruhusa. Alikufunga mgongoni ukiwa umeshapita umri wa kubebwa, akasimama barabarani, nami nikamfuata nikiwa na viatu vya shambani. Hospitali kubwa tuliyofika walikata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, wakakupima damu, tukangoja. Siku ya majibu tukaitwa na daktari wa watoto, mama mmoja mfupi, mpole wa sauti lakini hapindishi maneno. Tumekuwa tukimwita daktari wetu tangu hapo. Akasema ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili, na kwamba ni ya aina inayosikia dawa. Akasema pia kwamba katika uvimbe kama huu, kwa watoto wa huku kwetu, mara nyingi wanakuta virusi ndani yake.

Alipotamka virusi sikusikia neno jingine. Unajua kwetu mtu akisema fulani ana virusi, hakuna anayeuliza virusi gani. Nilimgeukia mama yako nikamtazama kwa jicho ambalo mpaka leo hajamaliza kunidai. Naye hakukaa kimya. Alisema, tena mbele ya daktari na wauguzi wake, "Mimi natoka nyumbani naenda shambani. Anayelala Mwanga siku za mnada ni nani?" Nikajibu, akajibu. Wewe ulikuwa umekaa katikati yetu unakula biskuti kwa upande mmoja wa mdomo.

Daktari alituacha tukagombana mpaka pumzi zikatuishia. Kisha akauliza kama tumemaliza. Akasema, "Neno virusi ni kama neno mdudu. Nyuki ni mdudu na kunguni ni mdudu. Huyu si yule mnayemfikiria, na yule tumeshampima mtoto, hanaye." Mimi nikakaa. Mama yako alibaki amesimama, na sikuthubutu kumwambia akae.

Nakuandikia haya ucheke, kwa kuwa mama yako sasa anayacheka, hasa mbele za wageni. Lakini angalia neno moja lilivyotaka kutufanya. Ningeweza kutoka mlango ule na hasira zangu nikarudi Kwakoa, na wewe ukabaki na mzazi mmoja hospitali. Watu wapo waliofanya hivyo. Utakapokuwa unampa mtu majibu, usiwe na haraka ya kutamka neno hilo ukaondoka. Kaa naye mpaka umejua amesikia nini.

Halafu likaja jambo ambalo hata leo nikilisimulia nasimama. Walikuwekea dripu ya kwanza, na baada ya siku chache uvimbe ukaanza kushuka. Sisemi kupungua kidogo. Ulishuka, Namkunda. Asubuhi tulikuwa tunakuta taya limekuwa dogo kuliko usiku, jicho limerudi mahali pake, na wewe unaulizia kuku. Mama yako aliimba wodini mpaka akaombwa apunguze sauti. Nilitoka nje nikampigia bibi yako, nikashindwa kuongea, akadhani umefariki, akaanza kulia, nami nalia, ikawa fujo tupu kwenye simu mpaka nilipoweza kutamka kwamba umeomba ugali.

Basi nikaona tumemaliza. Vitunguu vilikuwa shambani vinaoza, na mtoto mbele yangu mzima anaruka juu ya kitanda. Daktari alishatuambia bado kuna dripu nyingine nyingi na sindano za mgongoni, kwamba chembe zilizobaki hazionekani kwa macho lakini zipo. Mimi nilikuwa na macho yangu, na macho yalisema umepona. Nikafunga begi. Baba mwingine wa kitanda cha jirani naye alikuwa amefunga la kwake, mtoto wake amepona vilevile. Tulikuwa tumepanga kuondoka pamoja.

Mama yako alikuja akakaa juu ya begi. Hakupiga kelele. Alisema, "Mchukue mtoto, na begi, na mimi niliye juu yake. Ukiweza kubeba vyote, twende." Watu wote wa wodi walikuwa wananitazama. Mwisho nikaenda kununua chai. Yule mwenzangu aliondoka na mwanawe. Walirudi miezi ya mvua ilipoisha, na uvimbe umerudi pamoja nao, na safari hiyo haukusikia dawa. Ulikuwa ukicheza naye yule mtoto mlipokuwa mna nguvu. Ulipouliza yuko wapi tulikuambia amehamia kwa bibi yake. Sitaendelea na hili, nimelitaja ili ujue begi lile lilikuwa na nini ndani.

Ulimaliza dawa zote. Nywele zikanyonyoka, zikarudi zikiwa laini, mama yako akaogopa kuzisuka. Kliniki ya mwisho nilimsumbua daktari wetu anionyeshe adui mwenyewe, nikidhani atakataa. Akanipeleka maabara, wakaweka kioo kidogo chenye kile kipande cha uvimbe wako chini ya darubini, nikainama. Nilitegemea kuona kitu kibaya, kama funza. Nikaona rangi ya zambarau imejaa pote, na ndani yake matundu meupe yametawanyika. Daktari akaniambia wenyewe wanaiita anga lenye nyota. Zile za zambarau ndizo chembe za saratani zilizobanana, na yale meupe ni chembe walinzi zilizokuja kula maiti za wenzao. Ilikuwa nzuri kutazama, mwanangu. Niliona haya kwamba ni nzuri, na bado sikutaka kuondoka. Tangu siku ile nilikuwa natamani mtu wa kwangu aijue kazi ya kutazama vitu hivyo. Sikukuambia, nisije nikakusukuma. Ulipokuja mwenyewe kuniambia umechagua maabara, mjomba wako akauliza kwa nini si udaktari, nilitaka kumkumbatia mtu, nikamkumbatia mjomba huyohuyo.

Sasa nije kwa lile swali lako. Baada ya kuona umehamia kwenye sahani yako, nilimpigia daktari wetu. Namba yake ninayo miaka yote, sijawahi kuitumia ila kwa salamu za sikukuu. Nilimwambia unakwenda chuo na unasomea nini, nikasikia anamwita mtu wa pale ofisini kwake amwambie. Nikamuuliza moja kwa moja kama ni mate yangu.

Hakunificha. Alisema inawezekana. Inawezekana pia ni kikombe cha bibi yako, au muwa uliopokezana na watoto wenzako, au mama yako alipokubusu. Alisema ukipima damu za watu wote wa soko la Same siku ya gulio, wanaouza na wanaonunua, karibu kila mmoja utamkuta na virusi hivyohivyo, na hakuna anayejua, kwa kuwa havimsumbui. Watoto wa kwetu huvipata wakiwa bado wachanga wachanga, hata mafua hawapati. Kuna nchi ambako watu huchelewa kuvipata mpaka ujana, wakianza kubusiana, na huko ndiko huwaangusha kwa homa, koo na mitoki, tezi za kuvimba shingoni, kwa wiki kadhaa. Nikamwambia basi makande yangu yalikuokoa na aibu hiyo. Akacheka, lakini akasema tuendelee.

Akanieleza kwamba virusi hivyo vina ukoo. Hapo nilichukua kalamu. Kumbe tetekuwanga ni wa ukoo huo, na mkanda wa jeshi, na yale malengelenge yanayotoka mdomoni mtu akitoka homa. Mila ya ukoo ni moja, wakiingia hawaondoki, wanatafuta mahali wanalala. Ule mkanda wa jeshi uliomtesa bibi yako uzeeni, kumbe ni tetekuwanga ya utoto wake iliamka. Nimewaeleza wateja wote wa karakana habari hii, nadhani wengine wamehama fundi. Kirusi hiki cha kwako hulala ndani ya chembe nyeupe zilezile zinazotengeneza kinga, na mwili hukilinda kisiinuke. Mwili ukichoka kulinda, kama kwa mtu aliyeishiwa kinga au aliyewekewa figo ya mwingine, chembe hizo zinaweza kuasi, na ndipo zinapotoka saratani za mitoki za namna mbalimbali. Wewe utazijua majina yake, mimi nilishindwa kuandika kwa haraka ile.

Nikauliza, kama wote tunavyo, kwa nini wewe. Akasema kwa watoto kama wewe kuna mwenzake anayetangulia kuharibu ulinzi, naye ni malaria, ile ya kurudi na kurudi. Malaria inaziamsha chembe zile, inazilazimisha zizaliane kwa wingi, huku walinzi wamechoka. Katika kuzaliana kwingi, chembe moja inakosea kunakili maandishi yake ya urithi, na hicho kirusi kilicholala ndani yake kinaisaidia isife kama ilivyopaswa kufa.

Hapo sikucheka tena. Kwakoa uliumwa malaria mpaka tukaacha kuhesabu. Chandarua kilichotolewa kliniki nilikizungushia kitalu cha nyanya, kuku wasiparue. Majirani wote tulifanya hivyo, vitalu vyetu vilikuwa vinapendeza kama mabibi harusi, na watoto wanalala wazi. Bibi yako alikuwa akitusihi tukurudishe Usangi kwenye baridi, mimi nikamwambia baridi hailimi vitunguu. Kama unatafuta mahali baba yako alipokosea, ni kwenye kitalu, si kwenye makande. Hilo nalibeba mwenyewe, sikukabidhi wewe wala mama yako. Ndiyo maana tulipohamia hapa Same nilikuwa mkali wa vyandarua hata kiangazi, mkaniona mtu wa ajabu.

Lakini watoto wangapi walilala wazi Kwakoa, wakaumwa vilevile, wakalishwa vilevile, na hawakupata uvimbe? Nikamuuliza daktari hilo pia. Nilitaka anipe sababu ya mwisho. Akasema, "Hatujui, Baba Namkunda. Tunajua vinavyokutana. Kwa nini kwa huyu na si kwa jirani yake, hatujui bado. Hata chanjo ya hiki kirusi hatunayo, watu wanaitafuta." Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Mimi nilisimama katikati ya karakana na simu sikioni. Unaelewa nilichosikia? Wewe unakwenda kusoma kitu ambacho wakubwa wenyewe hawajakimaliza. Huendi kukariri kilichokwisha kujulikana urudi na cheti. Swali lenyewe limetoka kwenye taya lako, lilianza kwenye nyumba yetu ya Kwakoa, na halijafungwa. Labda utalisogeza kidogo wewe, labda atalisogeza mtu utakayekaa naye meza moja. Tangu siku hiyo silali vizuri kwa furaha. Mama yako ananiambia nimekuwa kama mtoto anayesubiri Krismasi, na mimi simkatalii.

Kabla sijakata simu niliuliza lile ambalo najua wewe huthubutu kuliuliza. Nilimuuliza kama binti yangu anaweza kumbusu mtoto, kula na watu, kuolewa, kuzaa, kumlisha mwanawe. Akashangaa kwamba tunaishi na swali hilo nyumbani. Akasema mate yako hayana sumu yoyote ambayo mate yangu hayana, wala ya mama yako, wala ya dada yako. Saratani yako haiambukizi na haikuwahi kuambukiza. Kirusi kilichomo mwako ni kilekile kilichomo mwetu sote, na yule mtoto wa dada yako kama hajakipata bado, atakipata kwa mama yake mwenyewe kabla hajajua kusema. "Mwambie ambusu," alisema. "Chandarua ndicho msisahau."

Kutafuna chakula cha mtoto alisema siku hizi hawashauri, kuna magonjwa mengine yanayopita, tuponde kwa kijiko. Sawa, nimekubali, wajukuu wangu nitawapondea. Lakini sitajuta kwa niaba ya yule kijana wa Kwakoa aliyekuwa peke yake na mtoto mwenye njaa. Alikupa alichokuwa nacho kinywani. Ningependa na wewe usimjutie, hata ukishajua mengi kuliko yeye.

Utakuwa unatuacha wengi hapa, na sitakudanganya kwamba nyumba itakuwa sawa. Nitakosa mtu wa kubishana naye redio ikitoa taarifa ya habari. Mama yako atapika chakula kingi kwa wiki nzima kabla hajazoea. Hata hivyo nenda ukiwa na moyo mweupe, mama, nenda ukiwa na hamu. Uende mahali palipojaa watu, ukae nao karibu, uonje chakula chao, upendwe. Huko utakakokaa na watu wa Mwanza na wa Mtwara, watakunyooshea kijiko ili uonje. Pokea.

Barua hii sitaiweka kwenye begi lako. Nitakuletea sasa hivi, nawe uisome kabla giza halijaingia, kisha utoke uani. Dada yako ameniambia mtoto amekataa kulala, anakutafuta chumba hadi chumba. Mama yako ameshaepua chakula na sinia liko mkekani. Ile sahani yako ya pembeni usihangaike kuitafuta jikoni, na usimuulize mama yako. Nimeificha mimi, na sisemi iko wapi. Njoo ukae kati yangu na mtoto, tunakungoja hatujaanza.

Baba yako